Mfereji Uliofutwa Ramanini

“Picha ya wote haifutwi chumbani.”

Mmeisikia leo mkutanoni, mama yule alipomrushia mwenyekiti, nanyi mkapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Sasa mmekuja kuniuliza maana yake. Mnapiga makofi kwanza, mnauliza baadaye! Haya, kaeni. Wewe mwenye simu, iweke mfukoni. Kuna watu watawaambia hii ni methali ya mababu. Waongo. Methali hii ina umri mdogo kuliko mama zenu, na ilipozaliwa mimi nilikuwepo, tena nikiwa na wino mikononi.

Ilianza na maji. Hapa kwetu Vudala, katika milima hii ya Upareni, maji ni ya ndiva, bwawa la wazee wetu, na kutoka ndivani inatoka mifereji miwili. Mfereji wa Juu unanywesha Vudala Juu, Mfereji wa Chini unanywesha Vudala Chini. Siku ya msaragambo pembe inalia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunazibua mifereji yote kwa pamoja. Mama yangu alikuwa analima maharage Vudala Chini. Bila mfereji ule, nyumbani kwetu chungu kisingepanda jikoni.

Mimi nilifanya kazi ya kukunja na kushona kurasa kwa Mzee Kiondo mchapaji. Chumba cha mbele kilikuwa na mashine, chumba cha ndani kilikuwa na kompyuta, na kwenye kompyuta alikaa Nakijwa. Nakijwa alikuwa binti wa Vudala Juu, aliyesomea mjini kazi ya kupanga kurasa. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na mbishi kupita kiasi. Ukimwambia jambo asilolikubali, anakutazama tu mpaka wewe mwenyewe unaona haya.

Mwaka ule umoja wetu wa maji ulitaka kuchapa vitu vinne kwa mpigo: katiba ya umoja, kalenda ya zamu za maji, kitabu kidogo cha wanafunzi kuhusu kata yetu, na ombi la kibali cha maji la kupeleka wilayani. Vyote vinne vilikuwa na ramani ileile ya ndiva na mifereji yake. Zamani kila kitabu kilitengenezewa ramani yake, na tulikiona cha moto. Msimu mmoja ramani ilirekebishwa kwenye kalenda, ikasahauliwa kwenye katiba. Pembe ilipolia, nusu ya watu wakaenda kuzibua penye mkuyu, nusu wakaenda penye daraja, kila kundi limeshika karatasi yake na kuapa kwamba wenzao ni wategaji. Walitukanana kutwa nzima, na mfereji ukabaki na tope lake.

Nakijwa akasema hayo hayatarudi. Ndani ya kompyuta akafungua folda moja, akaiita Ghala. Humo akaweka ramani, moja tu. Humo pia akaweka faili la mtindo, yaani maagizo ya ukubwa wa herufi, sura ya vichwa vya habari na upana wa pambizo. Vitabu vyenyewe havikuwa na ramani ndani yake. Kila kimoja kilikuwa na agizo tu: nenda Ghala, chukua ramani, iweke hapa. Wazee walipolalamika kwamba herufi ni ndogo, aligusa faili lile mara moja, na vitabu vyote vinne vikawa na herufi kubwa. Mzee mmoja alicheka hadi kikohozi kikamshika. “Yaani umepika chungu kimoja, zimeshiba nyumba nne!”

Umoja ukafurahi, ukapitisha azimio mkutanoni: ramani ni moja, na anayetaka kuibadilisha aje aseme mbele ya watu. Kila mtu alinyoosha mkono. Hata katibu, Bwana Elirehema, alinyoosha wake.

Siku ya Jumanne Bwana Elirehema akaja kiwandani kwa Mzee Kiondo. Shemeji yake alikuwa amepata shamba kubwa Vudala Juu, na alitaka maji yote ya ndiva. Sasa kule wilayani kibali kilitolewa kwa kufuata ramani. Mfereji usiokuwa ramanini haukuwa na haki ya maji hata tone. Aliingia chumba cha ndani pamoja na Mzee Kiondo, wakafunga mlango. Lakini mbao za mlango ule zilikuwa na nyufa, na mimi masikio nilijaliwa.

“Mwanangu,” katibu alianza kwa sauti ya asali, “kwenye ombi la kibali, uondoe Mfereji wa Chini. Kwenye ombi tu. Vitabu vingine viache kama vilivyo.”

“Ramani ni moja, Bwana Katibu,” Nakijwa akajibu. “Ombi halina ramani yake peke yake.”

“Basi nakili, utengeneze ya pili.”

“Kunakili naweza. Sitaki.”

Weee! Nilisikia kiti kikisogea.

“Hutaki?” katibu akasema. “Wewe si binti wa Vudala Juu? Maji yakija kwenu, baba yako atakosa nini?”

“Baba yangu ana maji yake ya zamu, yanamtosha. Kama una sababu ya kuufuta mfereji wa watu, kesho kutwa kuna msaragambo. Simama pale uwaambie. Wakikubali, nitaufuta nikiimba.”

“Nakijwa!” Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Kiondo. Hakuwa mtu mbaya, jamani, ila alikuwa mwoga, na kazi nyingi za kiwanda zilipitia mkononi mwa katibu. “Fanya unaloambiwa, binti yangu, tusiharibiane.”

“Sifanyi, Mzee.”

“Basi toka! Kama hufanyi, toka!”

Mlango ukafunguka. Nakijwa akachukua kanga yake kwenye kiti, akageuka akamwambia Mzee Kiondo kwa utulivu kabisa: “Nakuambia mapema, usije ukasema sikukuonya. Ramani imekaa mahali pamoja. Ukifuta pale, umefuta kote.”

“Mimi nachapa picha tangu hujazaliwa!” Mzee akafoka.

Na hilo ndilo lililomponza. Mzee Kiondo alikulia kwenye uchapaji wa zamani, ambapo picha ni kipande cha zinki kilichopigiliwa juu ya ubao. Kila kitabu kina kipande chake, na ukikwangua hiki, kile hakina habari. Kuhusu herufi alikwisha kuona maajabu ya Ghala. Ila picha, kwake yeye, ilikuwa bado ni zinki. Akafungua ombi, akabonyeza ramani, akafuta mstari wa Mfereji wa Chini, akahifadhi. Akachapa ombi, akamkabidhi katibu, na katibu akaondoka nalo kwenye mkoba. Lilipaswa kufika wilayani Ijumaa, siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Mimi nililia siku ile. Nilimwona mama yangu na jembe lake kwenye udongo mkavu, nikawaza nimwambie nani, na nani ataniamini mimi mkunja karatasi dhidi ya katibu mzima?

Jumatano Mzee Kiondo akachapa vilivyobaki kwa haraka, macho kwenye saa, maana vilitakiwa kugawiwa kwenye msaragambo. Akaniwekea kalenda mezani. Nikakunja ya kwanza, nikakunja ya pili. Ya tatu mkono ukasita. Ndiva ilikuwepo. Mfereji wa Juu ulikuwepo. Chini yake palikuwa peupe. Nikavuta kitabu cha wanafunzi, peupe. Nikavuta katiba, peupe vilevile!

Nikaelewa onyo la Nakijwa. Ningemwambia Mzee, angerekebisha kalenda na kuliacha ombi jinsi lilivyo. Kwa hiyo nikanyamaza. Jamani, nilikunja kalenda mia nne kwa raha ambayo sijaipata kazini kabla wala baada. Alipopita akaniuliza, “Namcha, mbona leo unaimba?” nikamwambia nampenda Bwana Yesu.

Alhamisi pembe ikalia. Tukajaa pale ndivani, Juu na Chini, majembe mkononi. Na nani alisimama kugawa kalenda? Bwana Elirehema mwenyewe! Anatabasamu, anasalimia, anampa kila mtu karatasi kwa mikono miwili. Mkoba kauning'iniza begani, tayari kwa safari ya wilayani.

Mama Sifuni wa Vudala Chini ndiye aliyefunua wa kwanza. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

“Katibu, mfereji wetu uko wapi?”

“Upi, mama?”

“Huo tuliokuja kuuzibua.”

Katibu akachungulia kalenda. Jasho likamtoka papo hapo. “Aa, hayo ni makosa ya mashine, mama. Tutarekebisha.”

Mwalimu wa shule yetu akanyanyua kitabu cha wanafunzi. “Humu pia haupo.” Mtu mwingine akapaza sauti kutoka nyuma, “Hata kwenye katiba!”

“Mashine gani hiyo,” Mama Sifuni akauliza, “inakosea mara tatu palepale, tena upande wetu tu?”

Hapo nikaona nikinyamaza tena nitapasuka. Nikapita mbele, nikasema: “Fungueni mkoba wake. Someni na ombi la kibali.”

Alikataa. Thubutu! Akina mama walimzunguka na majembe yao, wala hawakumgusa, wakamngoja tu. Akatoa. Mwalimu akalifungua juu, watu wote wakaona: mfereji mmoja. Nikawaeleza yote niliyoyasikia mlangoni, neno kwa neno, na jinsi Nakijwa alivyofukuzwa kwa kukataa. Mama Sifuni akatupa jembe chini. “Kumbe tumekuja kuzibua mfereji uliokwisha kufa na hatukuambiwa msiba!”

Katibu alivuliwa cheo saa ileile, na muhuri wa umoja ukatoka mfukoni mwake. Lakini muhuri haubebi maji. Ijumaa ilikuwa kesho, na ombi tulilokuwa nalo lilikuwa la uongo. Basi umati wote, majembe begani, ukateremka kwa Mzee Kiondo.

Mzee alipoziona kalenda alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Akajaribu kuurudisha mstari mwenyewe, ukatoka umepinda na kukatiza katikati ya kanisa. Akafuta, akajaribu tena, ukapanda mlimani. “Mwiteni Nakijwa,” akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nakijwa akaja. Baba zake wadogo walikuwa wamemsema siku mbili nzima kwamba anawanyima maji watu wa kwao, na macho yake yalikuwa mekundu. Akafika kwenye mlango wa chumba cha ndani, akasimama. Haingii.

“Nimekosa, mwanangu,” Mzee Kiondo akasema mbele ya watu wote. “Nisamehe. Ingia ukae, jua linazama.”

“Nimekusamehe, Mzee. Ila siingii mpaka mlango huu ung'olewe.”

“Mlango una kosa gani?”

“Picha ya wote haifutwi chumbani.”

Akina mama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakatetemeka. Mzee Kiondo hakubisha. Alichukua bisibisi kwa mkono wake, akafungua bawaba moja, akafungua ya pili, akautoa mlango nje akauegemeza ukutani.

Nakijwa akaketi. Tukajaa nyuma yake, wengine dirishani, wengine juu ya meza yangu ya kukunjia. Akafungua Ghala, akafungua ramani, akasema, “Mama Sifuni, niongoze. Mfereji wenu unapita wapi?” Mama Sifuni akaelekeza kwa kidole, kona kwa kona, na watu wa Vudala Juu ndio waliomsahihisha alipokosea. Mstari mmoja ulichorwa, mara moja tu. Kisha Nakijwa akafungua katiba, mfereji upo. Kalenda, upo. Kitabu cha wanafunzi, upo. Ombi, upo. Mama yangu alikuwa karibu yangu, na alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Kibali kilitoka na mifereji miwili. Bwana Elirehema alihamia kwa shemeji yake, na sikumuulizia tena. Na ninyi, siku mtu akiwaambia, “Njoo pembeni kidogo, tuliweke sawa hili la watu,” msimfuate, hata akiwa mkubwa, hata akiwa ndugu. Simameni palepale mlipo, mumwambie usoni kama alivyoambiwa Mzee Kiondo:

Picha ya wote haifutwi chumbani.