Kakao Iliyobaki Zambarau

Punje pweke haishiki rangi.

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo kaka yenu anayejifungia chumbani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni punje gani na rangi gani. Kaeni basi, na huyo mwenye simu aitie mfukoni. Methali hii ilianzia kwa mzee mmoja wa bonde la Kyela, jina lake Ambilikile, na kinu cha marehemu mkewe.

Mkewe aliitwa Tupokigwe. Kila msimu wa kakao alizikaanga punje kavu, akazimenya, akazitwanga na sukari mpaka zikatoa mafuta, kisha akafinyanga vitonge. Mjukuu wao Ipyana, aliyekuwa akija kutoka Mbeya kila likizo, alivipenda kupita kiasi. Mama yake alisema vina rangi ya kahawia, mwalimu wake akasema ile ni hudhurungi. Mtoto mwenyewe hakutaka maneno mengi. Kwake ilikuwa rangi ya chokoleti, na chokoleti ilikuwa ya bibi.

Tupokigwe akafariki. Matanga yalipokwisha, majirani waliendelea kuja, na Ambilikile akachoka kuhurumiwa. Siku moja aliwaambia waziwazi, "Niacheni." Wakamwacha. Ombi la namna hiyo watu hulitimiza upesi, wanangu. Nyumba ikapoa. Alipika ndizi za mtu mmoja, akala akikitazama kigoda cha mkewe, na mara nyingi nusu ya sahani iliishia kwa kuku. Ipyana alipokuja likizo, alikaa kimya kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati, na kesho yake yeye na mama yake wakaondoka.

Likizo nyingine ilipokaribia, binti yake Lugano, mama yake Ipyana, alimpigia mzee simu.

"Baba, Ipyana anauliza kama kuna chokoleti ya bibi. Kama haipo, anataka aende Tukuyu kwa bibi yake wa upande wa baba."

"Ipo," mzee akajibu.

Haikuwepo. Lakini alijua kwamba mtoto akishaizoea njia ya Tukuyu, njia ya kwake itaota majani.

Akaingia shambani, ambako miti mingi alikuwa ameitelekeza, akachuma matunda machache. Akayapasua, akazitia punje kikapuni na ute wake mweupe, akazifunika kwa majani ya mgomba kama alivyomwona mkewe akianza. Akangoja, akazianika, akazikaanga, akatwanga. Kilichotoka kilikuwa cha zambarau, kichungu, kikakaza ulimi. Akarudia tena kwa majani mengi zaidi, akapata zambarau ileile. Hapo aliketi kando ya kinu akalia, maana aliona Tupokigwe ameondoka na siri yake, na sasa siri hiyo itamchukua mjukuu pia.

Mlangoni pakabishwa hodi. Alikuwa mama Sekela, jirani wa ng'ambo ya kijito.

"Kama umeleta pole, nimeshazipata za kutosha," mzee akasema.

"Sijaleta pole. Nimesikia kinu cha rafiki yangu kikitwanga, miguu ikanileta yenyewe."

Akaokota punje moja, akaivunja kwa meno, akaitazama ndani.

"Ulizivundika wapi hizi, baba Lugano?"

"Kikapuni."

"Peke yake?"

"Pamoja na za nani? Shamba ni langu."

"Kikapu kimoja hakipati joto. Punje zinataka kulundikwa nyingi, zitokote zenyewe huko ndani. Bila joto hazigeuki. Zinabaki na zambarau yake na uchungu wake."

"Mbona za Tupokigwe ziligeuka? Naye alichuma hizihizi chache."

Mama Sekela alimtazama. "Ulidhani alikuwa akienda wapi na ile ndoo kichwani?"

Miaka yote mzee alimwona mkewe akitoka na ndoo, akivuka kijito, akirudi jioni huku bado anacheka peke yake. Naye alimwambia kila mara kwamba umbea utamla.

"Tulikuwa tunamimina zote katika sanduku moja, sisi wa njia hii yote," mama Sekela akasema. "Siri hakuwa nayo. Na tangu atutoke, sanduku letu halijai."

Asubuhi yake Ambilikile alipasua matunda mengine, akajitwisha ndoo mwenyewe, akavuka. Wanawake waliokuwa kwenye sanduku waliacha kuzungumza. Kisha mmoja akasogea, akampa nafasi. Akamimina punje zake, nazo zikapotea katika zile nyingine. Siku walipozigeuza, mama Sekela aliinua majani akamwambia, "Tia mkono."

Akautia. Kulikuwa na joto. Aliuacha mkono humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na wale wanawake wakajifanya hawaoni.

Ipyana alipokuja, fungu la babu lilikuwa limeshakauka na vitonge vilikuwa tayari. Akalamba kimoja, akafumba macho. "Ya bibi," akasema. Halafu akachota punje zilizobaki mkekani. "Babu, zako ni zipi hapa?"

Mzee akazitazama. Zote zilikuwa kahawia. "Sijui," akasema. "Zilichanganyika."

Mtoto alikaa likizo nzima. Alipoondoka, kimya kikarudi mahali pake, na kigoda cha Tupokigwe kikabaki kitupu kama kilivyokuwa. Mzee alikitazama tangu asubuhi hadi mchana. Kisha akachukua ndoo, akavuka kijito. Msimu ulikuwa umekwisha na mitini hakukuwa na tunda hata moja.

Mama Sekela, aliyekuwa ameketi na wenzake, akachungulia ndani ya ndoo.

"Baba Lugano, mbona hujaleta kitu?"

Ambilikile akaigeuza ndoo kifudifudi, akaikalia katikati yao.

"Nimejileta mwenyewe," akasema. "Punje pweke haishiki rangi."