Ua la Kiangazi Haliiti Mvua

"Ua la kiangazi haliiti mvua." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, kisha mkaniuliza neno hili limetoka wapi. Basi tulieni, maana aliyelisema kwanza hakuwa akicheka. Methali hii ilianza hivi.

Wakesho alizaliwa milimani Taita, ambako kahawa huchanua ikishapata mvua. Huko ukiona maua unashika jembe. Akaolewa na Mwakio wa huku tambarare, kwenye vumbi jekundu. Mwaka wa pili mvua zikakata. Mwakio akahamisha ng'ombe kutafuta malisho, akamwacha mkewe na mamake, Bi Mkawasi, pamoja na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama kilichoning'inizwa juu ya moshi wa jikoni. Njaa ilipobana walichimba mizizi wakala. Kibuyu hawakukigusa.

Siku moja Mkawasi alikwenda kutafuta maji, mwendo wa siku mbili kwenda na kurudi. Asubuhi Wakesho akaona mti mmoja kando ya shamba, wenye shina nene, usio na jani hata moja, umejaa maua mekundu. Moyo ukamruka kwa furaha. Alitamani mama mkwe arudi akute shamba limepandwa, ajue mwanawe hakuoa mzigo. Akateremsha kibuyu, akapanda hadi mbegu ya mwisho.

Mkawasi aliporudi hakugomba. Alichukua panga, akalitia kwenye shina la mti. Ndani lilikuwa limelowa chepechepe.

"Mti huu, mwanangu, ulikunywa mvua za mwaka juzi ukaziweka tumboni," alisema. "Majani umeyatupa yasiumalizie maji. Unachanua kwa akiba yake."

"Kwetu, mama, ua ni mvua."

"Hapa si kwenu. Ua la kiangazi haliiti mvua."

Wakafukua vumbi kwa vidole, lakini mchwa na kanga walikuwa wamewatangulia. Walipata mbegu zisizojaa kiganja. Mvua ilikuja miezi miwili baadaye, tena nzuri, na hilo ndilo lililouma zaidi. Majirani walipanda mashamba, wao mistari mitatu. Kila jioni Mkawasi alisukuma bakuli kwa mkaza mwanawe akidai ameshiba. Mavuno hakuyaona; alizikwa mtama ukiwa bado mbichi.

Tangu hapo, kila msichana aliyeolewa kutoka milimani, Wakesho alimpeleka mwenyewe kwenye mti kama ule. Alimwambia neno la mkwewe, wala hakumficha ni nani aliyezikwa kwa kosa lake: Ua la kiangazi haliiti mvua.