Jicho Moja la Kombo

Apeni kwanza. Semeni wallahi hamtamwambia mtu, hata shoga wa kisimani. Mmeapa? Haya. Ninyi ndio mlioapa, mimi sikuapa, basi nasema.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, huko Wete, palikuwa na Bi Mkasi na mjukuu wake wa pekee, Kombo, angali ananyonya. Bi Mkasi akimtazama Kombo, mchuzi huungua jikoni! Na kama walivyofanya bibi zake, alimpaka wanja wa jiwe machoni, asiliwe na kijicho.

Mtoto akaanza kudhoofu. Tumbo linamsokota, wenzake wanatambaa, yeye kalala tu. Nesi Zuwena akaja na watafiti, wakatoboa vidole vya watoto wa mtaa mzima, na wanja wakaupima.

"Wanja huu una risasi, ile madini yenye sumu," Nesi akasema majibu yaliporudi. "Mtoto hujifikicha macho, kisha hunyonya vidole. Risasi inaingia damuni, akili inadumaa. Uacheni!"

Saumu, mama yake Kombo, akasimama uani. "Atakayempaka tena mwanangu, hatampakata tena! Wallahi!"

Bi Mkasi akaapa. Shaame, baba mtoto, akaapa. Kichupa chake cha wanja Bi Mkasi akakitumbukiza chooni, chubwi!

Ijumaa, siku ya wageni, ikafika. Kombo macho meusi ti!

"Mama, umeapa uongo!" Saumu akamnyakua mtoto mapajani mwa bibi.

"Si mimi, mkwe wangu."

Ijumaa ya pili, macho meusi ti! "Mama, huna haya!"

"Si mimi!"

Nani amsadiki? Kisimani walishamtafuna mifupa. Nesi naye akaja na habari mbaya: risasi imepanda. Bi Mkasi akawa anamsikia mjukuu wake akilia chumba cha pili, mikono inamwasha, hana ruhusa ya kumgusa.

Siku ya maulidi, nyumba imejaa pomoni, Bi Mkasi akajiweka katikati ya wanawake, akalaza mikono juu ya kanga.

"Jamani, nihesabieni vidole! Leo Kombo akitoka kapakwa, mseme tena ni mimi."

Wakacheka weee! Mara chumbani mtoto akalia. Bi Mkasi akaruka kama msichana, akalivuta pazia, fyaa!

Lahaula! Saumu huyo kitandani, kijiti cha wanja mkononi. Jicho moja la Kombo jeusi, la pili bado.

"Kumbe mwizi ndiye mpiga yowe!" akasema jirani mmoja.

Saumu kijiti hakukiacha. "Nilizika mtoto wa kwanza. Nani aliyeniambia, kabla udongo haujakauka, 'Umemtoa mbele za watu bila wanja, wamemla'? Si wewe, Mama? Nesi akisema risasi, namwamini. Wageni wakibisha hodi, nakusikia wewe! Mkono ni wangu, hofu ni yako."

"Nilisema, sikatai. Lakini nimeapa, na kiapo nimekishika. Nimetukanwa kwa kosa lisilo langu, na mtoto nikanyimwa. Kwani mimi ndiye niliyekutia kijiti mkononi?"

"Na wanja huo umetoka wapi?" akauliza Nesi, aliyealikwa maulidi naye.

Macho yote kwa Shaame, mlangoni. Akainamisha kichwa. "Nilimnunulia mke wangu, ajipambe yeye. Nikamwona akimpaka mtoto."

"Ukaniacha nitukanwe, Shaame? Mimi niliyekuzaa?"

"Ningesema, Mama, kiapo kingemnyima mtoto ziwa. Nilinyamaza ili Kombo anyonye."

"Anyonye na risasi juu yake?" Nesi akang'aka.

Kombo, jicho moja jeusi, jicho moja jeupe, akanyoosha mikono apakatwe.

Haya, ninyi hodari wa kuapa, kiapo kile kimwangukie nani? Mama aliyepaka, bibi aliyetisha, au baba aliyeona akafumba mdomo? Je, nani alistahili kunyimwa Kombo?