Jogoo Kuchi na Vifaranga wa Zambarau

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa hiyo ni ya watu walioshiba au ya watu wanaosinzia? Semeni tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wakubwa waache kuchokonoa meno, wadogo waache kuchokonoa pua, masikio yote yaje kwangu.

Hapo zamani za kale palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Kidawa. Kazi yake kusuka mikeka. Uani kwake palikuwa na mkunazi, palikuwa na kinu, palikuwa na banda la kuku, na palikuwa na karai kubwa la rangi ya zambarau ya kuchovya ukindu. Ukindu unaingia mweupe, unatoka zambarau. Mikono ya Bi Kidawa zambarau. Mbuzi wa jirani alichungulia humo siku moja, akarudi kwao na pua ya zambarau, wenzake wakamnusa mpaka jua likazama.

Sasa kuku wake. Jogoo aliitwa Kuchi. Miguu mirefu, shingo ndefu, akili fupi. Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyojikunja kwenda juu, kila siku kama ametoka kuamshwa. Wa pili Kishingo, shingo tupu, haina unyoya hata mmoja. Watu walisema Kuchi alimwoa siku ya ukungu. Walimwonea tu. Kishingo ndiye aliyekuwa akitaga kuliko kuku wote wa mtaa ule, na waliomcheka walikula mayai yake asubuhi.

Masika yakaja. Mvua chururu, chururu. Kumbikumbi wakatoka, nyasi zikachipua, na ndege wa porini wakaingia uani na kelele zao. Mnana wakajaa pomoni kwenye mkunazi. Mnana mnamjua? Ni yule ndege mdogo wa manjano anayesuka nyumba ya majani ikaning'inia kwenye tawi. Dume husuka. Akimaliza, mkewe huja kukagua. Anaingia, anatoka, anaitikisa. Akiipenda, anahamia. Asipoipenda, anaibomoa. Parakacha, chini. Mume anakwenda kutafuta majani upya, na haulizi.

Kuku walikaa chini ya mkunazi wakitazama mambo hayo tangu asubuhi mpaka mchana. Kuku hawana kazi nyingi.

"Washenzi hawa," akasema Kidimu. "Mke anabomoa nyumba ya mumewe, na watu wanamwona."

"Kwangu ajaribu," akasema Kuchi, akatunisha kifua. Yeye hajawahi kujenga hata kiota cha nzi. Banda alijenga Bi Kidawa.

Kishingo mawazo yake yalikuwa kwingine. Alikuwa akitazama juu, juu zaidi ya mkunazi. Kwa maana masika ni msimu wa mnana, lakini pia ni msimu wa Mwewe, na Mwewe naye ana watoto wa kulisha. Masika yaliyopita Mwewe alichukua vifaranga wa Kishingo wote, mmoja mmoja, mpaka mama wa watu akawa anazunguka uani akiita koo, koo, koo, na hakuna anayeitika. Hilo liliuma sana. Hapo tusicheke.

Mwaka huu wake wenza wawili waliatamia pamoja na wakaangua pamoja. Vifaranga wakatoka, wa manjano, laini, piyo piyo piyo. Bi Kidawa akawatazama, akalitazama karai lake, akawakamata mmoja mmoja na kuwachovya. Chubwi, huyu. Chubwi, yule. Akawaanika juani kwenye ungo.

"Mwewe akija mwaka huu," akasema, "akale mkeka."

Na kweli Mwewe akaja. Akazunguka juu, akatazama chini, akarudi kwa mkewe mikono mitupu, yaani makucha matupu.

"Kwa Bi Kidawa hakuna vifaranga," akamwambia mkewe. "Kuna zambarau, zinatembea."

"Zambarau zinatembea?"

"Zinatembea na zinalia."

"Baba watoto, leo umepitia kwa wagema wa tembo," akasema mkewe, na akalala na njaa, amemgeuzia mgongo.

Kishingo alimwona Mwewe akipita juu ya uwanja bila kushuka, moyo wake ukatulia tuli, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Akawaita watoto wake wa zambarau akawafunika. Kama si mambo ya Kuchi, hadithi yangu ingekwisha hapa na nyinyi mngelala mapema.

Kuchi alikuwa ametoka matembezini. Akaingia uani, akawaona vifaranga. Akasimama kwa mguu mmoja.

"Hawa watoto wa nani?"

"Wako," akasema Kishingo.

"Mimi mwekundu. Mkia wangu mweusi. Kidimu mweupe. Wewe, shingo yako hata rangi haina. Hii zambarau imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye karai, bwana."

"Karai halizai," akasema Kuchi. Akageuka akatazama mkunazi, akawatazama mnana dume kwa jicho baya, mmoja mmoja, ingawa wale ni wa manjano na wana kazi zao. Wivu hauna hesabu ya rangi.

Basi Kuchi akapanda juu ya kinu. Akasafisha koo.

"Sikilizeni. Mimi nina jina langu mtaani. Jogoo wa jirani wataniuliza kama naoa kuku au naoa matunda. Wanangu ni wa manjano. Jua likizama, wa manjano wataingia bandani. Wa zambarau walale nje."

Nje, mnajua kuna nani? Nje kuna Paka Shume, yule paka dume asiye na kwao. Paka Shume haangalii rangi, ananusa. Sasa mtazameni mama mwenye watoto. Akiwaosha, Mwewe atawala mchana. Asipowaosha, Paka Shume atawala usiku. Na aliyetoa hukumu hiyo ni baba yao, amesimama juu ya kinu, anajikuna.

Kidimu hakungoja. Alimpenda Kuchi, na zaidi alipenda Kuchi asimpende Kishingo. Akawapeleka watoto wake kwenye dimbwi la mvua, akawasugua kwa majivu, shua shua shua, mpaka rangi ikatoka na vifaranga wakarudi manjano, wanatetemeka.

"Na wewe osha wako, mke mwenzangu," akasema. "Au una la kuficha?"

Kishingo akenda mpaka dimbwini. Akasimama. Akatazama maji, akatazama watoto. Aibu ilikuwa imemshika shingo, na shingo yenyewe hiyo tupu, kila mtu anaiona ikipanda wekundu. Alitaka sana kuwaosha. Nasema kweli, alitaka.

Juu ya mkunazi Mama Mnana alikuwa ndiyo kwanza amebomoa nyumba ya nne ya mumewe. Akainama kwenye tawi.

"Shoga, unalilia nini?"

"Mume wangu amewakana watoto kwa rangi yao."

"Yeye amewafanyia nini hao watoto?"

Kishingo akafikiri. Akafikiri sana. "Amewika," akasema.

Mama Mnana akacheka mpaka akakaribia kuanguka. "Kwetu, mume hasemi mtoto huyu wangu, huyu si wangu. Kwetu anaulizwa kwanza nyumba iko wapi, tena tunaitikisa. Wewe wako umemtikisa lini?"

Kishingo akageuza watoto wake, wa zambarau vilevile, akarudi nao uani. Akasimama mbele ya kinu.

"Bwana Kuchi, siwaoshi."

"Basi watalala nje."

"Nitalala nao. Lakini nina swali. Nikiwaosha, Mwewe akaja, utasimama?"

Kuchi akacheka kwa pua. "Mimi? Mwewe ananijua. Akiona kivuli changu anahama wilaya. Aje hapa, nitamnyonyoa mpaka afanane na shingo yako. Nitamshika hivi, nimpige hivi, nimwa..."

Fyuu.

Kivuli kikapita uani.

Kuchi hakumaliza neno. Aliruka kutoka kwenye kinu kabla ya kuku yeyote kuinua kichwa. Akamkanyaga Kidimu mgongoni, akakanyaga ungo, akapita juu ya watoto aliowakubali na watoto aliowakana bila kubagua, akatafuta pa kuingia, akaingia. Chubwi. Ndani ya karai. Kikabaki kilemba chekundu juu ya maji, nacho kikazama.

Mwewe akashuka kwenye manjano. Alikuwa kifaranga mmoja tu wa Kidimu aliyechelewa, akamchukua na kupaa. Piyo, mara moja, halafu kimya. Kidimu akapiga kelele ambayo Kishingo aliijua.

Na Mwewe ana tabia. Akipata mmoja, hurudi. Akampelekea mkewe, akageuza, akaja tena. Kishingo hakungoja kuona. Akakimbia katikati ya uwanja, akatandaza mabawa yote mawili, akaita koo koo koo. Wakaja wake. Wakaja na wa Kidimu, manjano, wanapapatika. Akawasukuma wa manjano katikati, akawazungusha wa zambarau nje, akaketi juu yao. Kidimu akaja akiyumba, akaketi ubavuni kwake akatandaza na yeye.

Mwewe akazunguka. Akatazama chini. Shingo moja tupu, manyoya yaliyosimama, na zambarau pande zote.

"Leo hata tembo sijanywa," akasema, akaenda zake.

Halafu karai likatikisika, na Kuchi akatoka. Kutoka kilemba mpaka kucha, zambarau. Mkia zambarau. Ulimi zambarau, maana alikuwa anaropoka alipotumbukia. Akasimama anachuruzika.

Vifaranga wa Kishingo wakachungulia chini ya mabawa. Mpaka hapo walikuwa wakimwogopa yule mkubwa mwekundu. Sasa wakaona mtu wa kwao. Wakamkimbilia wote, piyo piyo piyo, wakamzunguka miguuni. Juu ya mkunazi mnana waliacha kusuka. Mama Mnana akasema, "Sasa ukoo umeonekana." Mkunazi mzima ukacheka, na makunazi mabivu yakaanguka.

Jua likaanza kuzama. Kidimu akaingia bandani akilia mwanawe. Kishingo akaingiza vifaranga wote, wa manjano na wa zambarau, hakuna aliyeulizwa. Kuchi akabaki nje ya mlango, mguu huu, mguu ule. Kule kwenye ua wa makuti Paka Shume alikuwa ameshaketi, anajilamba.

"Mke wangu," akasema Kuchi.

"Bwana."

"Ile hukumu... nadhani nilisema wa zambarau wadogo."

Kishingo akamtazama tangu kilemba mpaka kucha. Angeweza kufunga mlango. Kidimu alisema amfungie. Mimi ningemfungia. Lakini alikuwa amelilia watoto wa mwaka jana peke yake, na hakutaka mlango wa banda ubaki bila mlinzi.

"Ingia," akasema. "Lakini hupandi kwenye fito za juu. Utalala hapa mlangoni, kifua kikitazama nje. Paka akitia mkono, akuguse wewe kwanza."

Kuchi akalala mlangoni. Nimesema akalala? Hakulala. Alikodoa macho usiku kucha, akisikia kucha za Paka zikikwaruza, kwaru, kwaru, na kila zikikwaruza alipiga mdomo kwenye ubao kwa hofu, na Paka akadhani ni ushujaa, akaondoka. Zamani jogoo aliwika adhuhuri, akishashiba. Lakini alfajiri ile alipoona mstari wa mwanga na shingo yake bado ipo, alifurahi hata hakuweza kujizuia. Akawika. Akawika tena. Na hao jogoo wenu mnaowasifu kwamba wanawaamsha kwa swala, msidhani wanajisifu. Wanashukuru tu kwamba kumekucha.

Na mafunzo ya hadithi ni haya, nawaambia bila kuzunguka. Baba hajulikani kwa kuwika, anajulikana kwa pale aliposimama kivuli kilipopita. Na mzazi anayeona haya kwa kile kinachomlinda mwanawe, atamlilia mwanawe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyecheka ameipata, na aliyenuna akatazame mlango wa banda lake kama umefungwa.