Moto wa Kwanza wa Nakiete

Mwenye kiberiti hana jirani.

Mmeisikia leo katika mazungumzo ya wakubwa, mkatazamana, mkacheka chinichini mkidhani ni mzaha wa wazee wasiopenda vitu vya dukani. Haya, aliyeuliza asogee, na wengine endeleeni kupukuchua mahindi. Hadithi husikilizwa kwa masikio, mikono haina ruhusa ya kupumzika. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo kijana mmoja, jina lake Semvua, mzaliwa wa kambi ya mkonge huko chini tambarare. Baba yake alikuwa Mpare wa milimani aliyeteremka kutafuta kazi akasahau kupanda tena, kwa hiyo Semvua aliijua milima kwa macho tu, vile ilivyoonekana asubuhi kutoka kambini, ya buluu na yenye mawingu kichwani. Babu yake mdogo alipofariki bila kuacha mtoto, ukoo ulituma neno kwamba kishamba chake cha Mvungwe hakina wa kukilima, na Semvua akikitaka ni chake. Semvua akakitaka. Aliacha kazi, akarudisha chumba cha kambi, akapanda mlima na mkewe Nakiete na binti yao Nanzia, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunga maneno.

Nakiete alikuwa mtu wa watu. Kambini nyumba zilipangwa mstari, ukuta kwa ukuta, ukikohoa jirani anakwambia pole kabla hujamaliza. Mgeni akifika kule hata mzigo hajautua, wanawake wamekwisha kuja, huyu na ndoo ya maji, yule na kibaba cha unga. Kazi ya mgeni ni kukaa na kukaribishwa. Anayejitanguliza kubisha hodi milango ya watu siku ya kwanza huitwa mdoezi, na jina hilo hunata.

Walifika Mvungwe mchana wenye ukungu. Nyumba ilikuwa ya udongo, imeegemea mlima, na shamba lilishuka mbele yake kwa mteremko mkali hata Semvua akauliza kwa utani kama watu wa huku hulima kwa kujifunga kamba. Nyumba ya karibu ilikuwa ng'ambo ya kijibonde, unaona paa lake na migomba, lakini mazungumzo ya huko huyasikii. Mtoto alikuwa analia kwa njaa na baridi. Nakiete alifungua pindo la kanga, akatoa kiberiti, akawasha moto kwenye mafiga ya marehemu, akapika uji. Ndivyo mtu yeyote angefanya, hata wewe unayecheka hapo. Moshi ukapanda juu ya paa, kila nyumba ya mlima ule ikauona.

Kisha akafagia uwanja, akatoa kigoda nje, akaketi kungoja majirani.

Hakuja mtu. Kesho yake akakitoa tena kigoda, akijiambia kwamba watu wa mlimani wana shughuli nyingi. Siku ziliendelea hivyo mpaka kigoda kikaota ukungu, naye akaacha kukitoa.

Sisemi kwamba walitendewa vibaya. Wakipita njiani watu waliwasalimu vizuri, wakauliza hali ya mtoto, wakasema poleni na kazi, halafu wakapita. Afadhali wangetukana, maana tusi angalau lina mahali pa kulishika ukaliuliza. Nakiete alibaki amesimama na jembe mkononi akiangalia migongo yao ikiingia kwenye ukungu. Jioni alimsimulia mumewe waliosalimiana naye, mmoja mmoja, kama mtu anayesimulia sherehe, na Semvua alisikiliza kwa upole kwa sababu hakuwa na kubwa zaidi la kumpa.

Asubuhi nyingine pembe ilipigwa juu mlimani, wanaume na wanawake wakapita makundi makundi na majembe begani, wanacheka, wanaitana. Semvua aliwasikia akadhani ni mambo ya matambiko, akaona haya kujipeleka kwenye shughuli asiyoalikwa. Kumbe ilikuwa pembe ya msaragambo, ya kuita watu wakazibue mfereji wa maji. Huko maji hugawiwa kwa zamu, na zamu hupewa nyumba zilizotoka kufanya kazi. Mvua zilipokata, mashamba ya wenzao yalinyweshwa jioni kwa jioni, na mfereji ulipita juu ya shamba la Semvua ukinong'ona bila kugeuka. Maharage yao yakaanza kujikunja majani.

Wakati huo Nakiete alikuwa na mimba, nayo ilikuwa imeshakuwa kubwa. Hapo ndipo upweke ulipogeuka kuwa hofu. Alimzaa Nanzia kambini, mama yake akiwa amemshika mgongo na mlango umejaa shangazi wa watu. Huku nani angemshika? Semvua, aliyekuwa akitetemeka hata kwa kuku kuchinjwa? Aliogopa kufa mahali ambapo watu wangepita njiani, wakasema poleni, wakaendelea na safari.

Akamwambia mumewe wazi kwamba atashuka kwa mama yake akajifungue, na akishashuka hatapanda tena. Semvua alisema chumba cha kambini kimeshapewa mtu mwingine na kazi pia, kwamba yeye hana pa kurudi. Mwishoni akasema aende tu na mtoto, yeye atabaki kungoja maharage. Wote wawili walijua maharage yale hayangojeki. Wakalala wamepeana migongo, kila mmoja akijua mwenzake hajalala.

Asubuhi Nakiete alikuwa ndani anafunga nguo kwenye shuka. Nanzia alikuwa nje anacheza peke yake, kama alivyozoea. Mama yake akamsikia akigonga ubao wa mlango kwa kijiti na kusema, "Hodi." Akangoja kidogo. "Hodi jamani." Akangoja tena, kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti ya kikubwa, "Hakuna mtu humu," akaenda zake.

Nakiete alikaa chini juu ya lile furushi akalia. Mtoto amejifunza mchezo ule wapi, kama si katika kuishi hivyo? Na mama yake alikuwa humo ndani wakati anasema hakuna mtu. Alipomaliza kulia aliona hasira, na hasira ikamfaa kuliko machozi. Alisema moyoni, kuondoka nitaondoka, lakini siondoki bila kuuliza. Akambeba mtoto mgongoni, akavuka kijibonde akishikilia tumbo kwa mkono mmoja.

Mwenye nyumba ile alikuwa mama mjane aliyeitwa Namkunda, mwembamba, nywele nyeupe, wanawe wote wako mijini. Alikuwa ameinama mekoni. Akaitikia hodi upesi mno, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Shikamoo mama," alisema Nakiete. "Sikuja kukaa. Nimekuja kuuliza tumewakosea nini."

"Marahaba mwanangu. Hamjatukosea."

"Basi kwa nini hakuna aliyekuja kwetu tangu tufike? Hata kutuzomea?"

Namkunda alimtazama mikono, na kuikuta mitupu kukamsikitisha. Akamvutia kigoda. "Ulikuja na moto wako," akasema. "Tuliuona moshi. Tukasema, hawa wamejitosheleza."

Nakiete hakuelewa, na mama yule akaona kwamba kweli haelewi. Basi akamweleza polepole. Mlimani pale, mgeni haanzi kwa moto wake mwenyewe. Hata kama ana viberiti vya kujaza debe, moto wake wa kwanza huuomba. Huchukua kigae cha chungu kilichovunjika akaenda nyumba atakayoichagua, akapewa kaa. Nyumba alikochukua moto ndiyo inayomjua tangu siku hiyo: ndiyo humwita pembe ikilia, ndiyo humtajia wazee wa mfereji apate zamu, ndiyo humkimbilia uchungu ukimshika. Asiyeomba moto hana nyumba ya kumjibia, na watu humwacha kwa heshima, kama unavyomwacha mtu aliyefunga mlango wake.

"Kwa nini hukuja kuniambia?" aliuliza Nakiete.

"Moto huombwa, mwanangu. Haupelekwi. Anayebeba moto kwenda nyumba ya mtu asiyemwita, huyo amekwenda kuchoma. Nilikungoja wewe."

"Nami nilikungoja wewe. Kwetu kambini mgeni hukaa, wenyeji ndio huja."

Namkunda akaweka kiganja kinywani. Walibaki hivyo, mmoja kwenye kigoda na mmoja mekoni. Masika nzima walikuwa wamengojana, kila mmoja akitazama moshi wa mwenzake kutoka ng'ambo.

Halafu mama yule akafukua majivu kwa kijiti. Chini yake palikuwa na kaa kubwa la mti mgumu, jekundu kabisa. "Kila asubuhi nalifukia moja kubwa," akasema. "Zamani mlango huu haukufungwa, wasichana wa mlima mzima walikuja hapa kuomba moto, hata wa kila siku. Siku hizi wana viberiti. Mwanangu mmoja wa mjini naye ameniletea boksi zima nisisumbuke. Ni kweli sisumbuki. Wala sisemi na mtu mpaka jua linazama. Mwenye kiberiti hana jirani, mwanangu. Nilipoona mmefika, nilisema labda huyu ataomba."

Nakiete alirudi kwake, akachukua mtungi, akamwagia maji moto wake uliokuwa unachemsha mihogo ya safari. Mafiga yakafuka mvuke. Semvua alitoka shambani mbio akidhani nyumba inaungua, akamkuta mkewe ametia majivu kila mahali, anatafuta kigae, na furushi la nguo limefunguliwa. Aliuliza kuna nini. Akaambiwa anyamaze akachanje kuni.

Nakiete akaenda kuomba, na kaa lile likavuka kijibonde limefunikwa majivu. Mchana uleule mke wa mzee wa mfereji alifika na ndizi, na nyuma yake wakaja wengine, kila mmoja akisema alikuwa anangoja tu. Maharage machache yalipona, mengi hayakupona, sitawadanganya. Lakini Nakiete alipojifungua mtoto wa kiume, mgongo wake ulikuwa kifuani kwa Namkunda, na mlango ulijaa wanawake hata Semvua akakosa pa kupenya.

Mnadhani hadithi imekwisha. Kama ingeishia hapo, neno lile lingebaki la mama mmoja mekoni kwake, lisingewafikia ninyi.

Miaka ilipita, watoto wakakua, Namkunda akazeeka mpaka kutembea kukawa taabu. Wakati huo viberiti vilikuwa kila nyumba, na Nakiete alikuwa navyo rafuni kama watu wote. Hata hivyo kila kulipokucha alivuka kijibonde na kigae chake kwenda kuomba moto. Watu walimcheka. Wake wa vijana walisema mama huyu kumbe mchoyo, anabania njiti. Semvua naye alimtania kwamba wanaume wengine hugombana na wake zao kwa kwenda ngomani, yeye mkewe anamkimbia kwa kaa la moto. Nakiete alicheka nao akaenda. Huko alikaa kidogo, wakaulizana walivyolala, Namkunda akafukua majivu, akampa.

Asubuhi moja alibisha hodi, hakuitikiwa. Akasukuma mlango. Mekoni palikuwa na majivu matupu, hakuna kilichofukiwa. Mama yule alikuwa amelala kwa ubavu kitandani, mkono chini ya shavu, na mwili wake ulikuwa bado haujapoa. Nakiete akamfumba macho, akamfunika, akaketi pembeni yake akimshika mkono mpaka joto lilipoondoka lote. Ndipo akatoka nje kuwaita watu.

Yule mwanawe wa mjini aliyeleta viberiti alifika siku ya mazishi. Alikuwa akipokea pole za watu, na katika kupokea akasikia jinsi mama yake alivyokutwa mapema, maiti yake haikulala peke yake hata asubuhi moja. Akamwendea Nakiete, akamuuliza nani alikuwa amemwambia kwamba mama anaumwa.

"Hakuna aliyeniambia," alisema Nakiete. "Nilikuja kuomba moto."

Yule bwana akashangaa. "Lakini mama Nanzia, kwani kwako hakuna kiberiti?"

"Kipo," akasema Nakiete. "Na vyako ulivyomletea mama vipo humo ndani, boksi halijafunguliwa. Mwenye kiberiti hana jirani, baba."

Yule mtu mzima akakaa chini palepale, kati ya waombolezaji, akalia kama mtoto. Waliolisikia neno lile siku hiyo walirudi nalo nyumbani kwao, na hakuna aliyeliuliza maana yake: mwenye kiberiti hana jirani.