Kipimo cha Mtepe wa Mababu

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, hiyo si pakawa, huo ni mwayo. Kaeni sawa. Paukwa!

"Pakawa!"

Naam! Zamani, zamani kweli, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kando ya hori la bahari. Watu wake walisifika kwa mitepe, vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja. Lakini wageni walipoanza kuja wenyewe na biashara zao, wanakijiji wakaacha kujenga. Wakabaki na kujisifu.

Na kujisifu walikujua! Baba akisema mtepe wa babu ulibeba ng'ombe, mwana anasema ulibeba zizi. Mjukuu naye anasema ulibeba kijiji kizima, na nafasi ya kuchezea ngoma ikabaki.

Mmoja tu hakujisifu. Bi Mkawasi, ajuza mkavu wa maneno. Kazi yake kuuliza. "Nani alikuambia? Naye aliambiwa na nani?" Akiokota kigae, anakiosha, anakiweka. Wakamwita Bibi Nani-Alikuambia. Yeye anacheka tu.

Ukaja ukame. Jua kali, jua kali! Mtama ukakauka shambani. Wageni wakapotea. Watoto wakalia kwa njaa. Chakula kiko ng'ambo, na chombo cha kukifuata hakuna.

Fundi Bwanakheri, mdogo wake Bi Mkawasi, akajipiga kifua. "Tutajenga mtepe kama wa mababu!"

"Mkubwa kiasi gani?" akauliza dada yake.

"Kama tulivyosimuliwa!"

"Kheri, twende kwanza mikokoni, kuna kitu ukione."

"Mikokoni kwenye mashetani? Sina nafasi, dada."

Lo! Wakakata miti yote mizuri. Wakashona, vuta, kaza, vuta, kaza. Likawa lidude! Wakalisukuma majini, likaelea. Vigelegele! Kikaja kiwimbi, lidude likapinda mgongo. Kamba zikakatika, pa! pa! pa! Mbao zikatawanyika horini.

Miti haikubaki. Mbao ni hizo hizo, za kujaribu mara moja tu.

Bi Mkawasi akamshika mdogo wake mkono, akampeleka mpaka mikokoni. Mbao nyeusi zilikuwa zimechomoza kwenye tope. "Chimba," akamwambia.

Wakachimba, chubwi, chubwi. Ukatokea mtepe wa kale, umelala ubavu, matundu ya kamba yangalipo.

Bwanakheri akacheka kwa hasira. "Huu? Huu ni wa kuvukia hori tu! Dada, unawadhalilisha mababu!"

"Tia mkono chini ya mbao."

Akatia. Akatoa kigae cha buluu, chembamba, kinang'aa. Akatoa shanga za kioo. Akatoa kigae kingine.

"Hivi vinatengenezwa hapa kwetu?" akauliza dada yake.

"Havitengenezwi. Hivi vya ng'ambo, mbali."

"Basi mtepe ulikwenda na ukarudi. Huu huu. Mimi sijawadhalilisha mababu, Kheri. Ninyi ndio mliowaonea haya, mkawatungia chombo kingine."

Bwanakheri akakaa kwenye tope, akalia mbele ya dada yake. Kisha akafuta macho, akanyoosha kamba, akapima. Urefu. Upana. Nafasi ya tundu hata tundu.

Wakaokota mbao, wakazikata, wakashona upya. Watu wakanung'unika, "Kimtepe gani hiki?"

"Kisemeni kikirudi," akajibu Bi Mkawasi. "Sasa kisukumeni."

Kikasukumwa. Mawimbi yakaja, kikapanda, kikashuka, kikaenda zake. Watu wakangoja, matumbo yanaunguruma. Wakangoja sana. Hata asubuhi moja, huo! Mtepe unaingia horini, umejaa mtama pomoni!

Wakapika, wakala mpaka wakajinyoosha. Bwanakheri akasimama, mikono ameitanua. "Wajukuu zetu tutawaambia, mtepe wetu ulikuwa mkubwa kama..."

Watu wote wakamgeukia Bi Mkawasi. Bibi wa watu anatafuna tu.

Bwanakheri akaishusha mikono. "Tutawaambia ulikuwa mdogo," akasema, "na watoto wote walishiba."

Basi, wapendeni wazee wenu kwa kimo chao wenyewe, msiwarefushe. Hadithi yangu imetia nanga hapo. Aliyesinzia, shauri yake.