Dua ya Bi Rayhana Aliyechoka

Wamesimulia waliotutangulia katika wema kwamba katika mji wa Wasit, nchi ya Iraki, aliishi mjane mchamungu akiitwa Bi Rayhana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mumewe alipofariki alimwachia mama mkwe, Bi Ghaniya, ajuza aliyepooza upande mmoja. Miaka mitano Bi Rayhana alimgeuza, akamwosha, akamlisha uji, na baina ya hayo akawasokotea watu sufu kwa ujira ili yeye na mkwewe wapate kula. Majirani wakimsifu husema, "Yule hachoki." Naye huinamisha kichwa tu, kwani uchovu ulikwisha kumwingia mifupani.

Msimu mmoja wa baridi, paka wa mtaani alizalia katika kapu la sufu la Bi Rayhana. Alizaa watoto watatu. Wawili walikuwa wazima, lakini wa tatu miguu yake ya mbele ilipinda kwa ndani kama kulabu, na mguu mmoja wa nyuma haukuwa na wayo. Hakuweza kujikokota hata kuifikia chuchu. Siku ya pili mama yao akawahamisha wale wawili, huyu akamwacha.

Bi Rayhana alimtazama, akasema moyoni, "Na wewe tena?" Akatandika msala, akaswali adhuhuri. Lakini kila aliposujudu alimsikia akilia, sauti nyembamba kama uzi. Alipotoa salamu akainuka, akachovya kishungi cha sufu katika maziwa ya mbuzi, akamtilia mdomoni.

Basi kazi ikaja juu ya kazi. Paka mchanga asiye na mama hata kukojoa hawezi mpaka apanguswe tumbo kwa kitambaa chenye uvuguvugu, akampangusa. Akamnyoosha miguu kidogo kidogo na kuifunga kwa vitambaa laini. Akitoka kwa paka anaitwa na mkwewe. Hajamaliza kwa mkwewe, paka analia. Na Bi Ghaniya alikuwa na ulimi mkali.

"Maziwa yangu wampa paka kiwete," alisema.

Bi Rayhana akaendelea kumpangusa paka.

Siku ya tisa, baada ya alasiri, paka akakataa maziwa, na mwili wake ukaanza kupoa. Papo hapo Bi Ghaniya akamwaga uji kitandani. Bi Rayhana akaketi sakafuni katikati ya chumba, asiende huku wala kule, akasema, "Ewe Mola wangu, nimechoka. Mchukue, nami nipumzike."

Kisha ajuza akauliza kutoka kitandani, "Umemwombea nani mauti?"

Ilikuwa rahisi kusema, "Paka." Nani angemkanusha? Lakini Bi Rayhana aliutazama moyo wake akaona lililomo, akaogopa kuongeza uongo juu ya dua ile.

"Nimekuombea wewe, mama," akasema huku akilia. "Nisamehe."

Bi Ghaniya akamgeuzia uso.

"Dua hiyo naiomba kila alfajiri, mwanangu," akasema. "Nilidhani naiomba peke yangu. Na ukali wangu wote huu ni aibu ya kulishwa kama mtoto." Akanyoosha mkono wake mzima. "Mlete huyo paka. Mkono wangu mmoja ungali na joto."

Bi Rayhana akamlaza paka kifuani mwa mkwewe, na ajuza akamfunika kwa kiganja chake. Kabla ya magharibi paka akapata joto, akanyonya kile kishungi cha maziwa. Tangu siku ile kumlea kukawa kazi ya Bi Ghaniya, na Bi Rayhana akapata kulala kidogo kila alasiri.

Paka aliishi. Miguu haikunyooka, alitembea kwa viwiko, polepole, na hakuwahi kupanda ukuta. Bi Ghaniya naye aliishi misimu miwili zaidi ya baridi, kisha akafariki, akimwombea mkwewe kheri.

Baadaye wanawake walimuuliza Bi Rayhana, "Ulisubiri vipi miaka yote ile bila kuchoka?"

Akawajibu, "Nilichoka kila siku. Siku nilipokiri, ndipo nilipopata msaidizi."

Enyi ndugu, tusidhani kwamba mwenye kusubiri ni yule asiyechoka. Mola anaujua uchovu wa mja kabla haujafika ulimini. Tumwombe atujaalie kusema kweli tulemewapo, na masikio ya kumsikia aliyelemewa kando yetu.